Punda Msukumaji: Anza na Miguu, Kichwa Kitafuata

Juzi, kwenye Usita wa Mui hapa Lamu, punda wangu Tufani alisimama mwenyewe konani, shogi zote mbili zimejaa mchanga, akangoja mama mmoja na wanawe wapite. Sikumvuta wala sikumpigia kelele. Bwana mmoja aliyekuwa amekaa barazani akaniambia, "Huyo kazeeka, ndiyo maana katulia." Maneno hayo yaliniudhi, na ndiyo yaliyonikalisha kuandika. Tufani hajazeeka. Punda anayetunzwa vizuri hufika miaka thelathini na zaidi, na huyu hajafika hata kumi. Ametulia kwa sababu amefundishwa, na aliyemfundisha ni mimi, katika mji ambao kila mtu ana rai yake kuhusu punda na wachache wanataka kusikia ya mwenzake.

Nilimnunua bara, kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Alikuwa amemfunga kwenye mkwaju kwa kamba fupi, pua inagusa gome, akanisifia kifua na kwato. Kifua kweli anacho. Nilipoomba nimtembeze kidogo, akasema hakuna haja, punda ni punda. Nina kinyongo naye mpaka leo, kwa sababu alijua. Ile kamba fupi haikuwa ya bahati mbaya: alimfunga vile ili mnunuzi asione anavyokaa na mtu. Tulivushwa kwa mashua kutoka Mokowe, na kabla hatujafika mbali na gati Tufani akaniegemezea bega, akanibana ukutani, akaendelea na safari yake kana kwamba sipo.

Anayezijua njia za Lamu anaelewa uzito wa jambo hili. Kuna vichochoro Mkomani ambavyo punda mwenye shogi akiingia, anayekuja mbele hana budi kujisogeza mlangoni pa watu. Kuta za matumbawe zinachuna ngozi. Simiti, mchanga na mawe ya ujenzi hupita humo humo mgongoni mwa punda, pamoja na watoto wa chuoni na wazee wanaotoka msikitini. Sisi tunaopita tunapiga kelele "Simile! Simile!" ili watu watupishe, lakini kelele hiyo haimsaidii bibi aliyekwisha kubanwa. Punda anayesukuma watu mbavu anaweza kuzivunja. Kwa hiyo suala la adabu ya punda silioni kuwa pambo la wenye muda wa kupoteza.

Rai nilizipata kwa wingi, bila kuziomba. Ami mmoja wa Langoni, mtu mzima ninayemheshimu, aliyekulia kwenye zizi la punda la baba yake, aliniita akaniambia, "Mwanangu, punda haendi bila kigongo. Akikusogelea, mpige cha pua. Siku chache tu atakujua." Ami huyu punda wake wanafanya kazi, siwezi kukana. Lakini watazame wanapovishwa hatamu: wanarusha kichwa juu, wanakaza shingo, na kuwapa dawa ya minyoo ni vita vya watu watatu. Kipigo cha puani kinamfundisha punda kuogopa mkono. Hakimfundishi aweke wapi mabega yake.

Jirani yangu naye yuko upande wa pili kabisa. Kwake punda ni wa kupendwa tu, na mapenzi ni maganda ya embe kutoka mkononi asubuhi na jioni. Punda wake akikuona anakuingiza pua mfukoni, akikosa kitu anakung'ata mkono wa kanzu. Jirani anacheka. Watoto wa mtaani hawacheki, kwa sababu pua ya punda iko sawasawa na vifua vyao.

Halafu mpwa wangu akanionyesha kwenye simu video za wafundishaji farasi wa Marekani. Huko ubishi ni mkubwa kuliko wetu. Kuna wanaosema lazima mtu awe mkubwa wa kundi, farasi ajue nani anamwondoa nani mahali pake. Kuna wanaosema farasi hamhesabu binadamu kuwa farasi mwenzake hata kidogo, na kinachomfundisha ni shinikizo linaloachiliwa kwa wakati wake. Monty Roberts namheshimu kwa kusimama hadharani dhidi ya kuwapiga farasi, lakini mbinu yake ya Join-Up inataka zizi la duara na mnyama anayekimbia akifukuzwa. Sisi Lamu nafasi hiyo hatuna, na punda si farasi. Farasi akishtuka hukimbia kwanza. Punda husimama, akapima. Ukiongeza nguvu anaongeza uzito. Kwa Pat Parelli nilipata jambo moja lililonifaa: anamrudisha farasi nyuma kwa kutikisa kamba, kisha anamleta mbele. Hilo nilimwambia mpwa wangu alirudie mara nyingi mpaka chaji ikaisha.

Hatua zenyewe sasa.

Ya kwanza, mkague. Funua shogi uone mgongo, tazama kwato, mpeleke meno yake yaangaliwe. Punda mwenye kidonda anasukuma kwa maumivu, na maumivu hayafundishiki. Dume asiyehasiwa utahangaika naye mara mbili, kwa hiyo zungumza na daktari wa mifugo. Hapa kwetu hakuna kisingizio, maana shirika la The Donkey Sanctuary, alilolianzisha Elisabeth Svendsen huko Uingereza mwaka 1969, lilifungua kituo chake Lamu mwaka 1987, na wengi wetu tumekua tukiwaona punda wakitibiwa.

Ya pili, kamba. Achana na ile nyembamba ya nailoni ya rangi ya buluu inayouzwa madukani kwa kila kazi. Punda akivuta, inakukata viganja, na mkono unaouma hauwezi kuachia kwa ustadi. Tafuta kamba nene ya pamba, urefu unaozidi mtu mzima. Ni ghali zaidi na duka moja hapa huipandisha bei likijua unaitaka. Lipa.

Ya tatu ndiyo iliyonigharimu, na hapa nitakaa.

Kila mtu akisukumwa na punda humsukuma naye. Au huvuta kichwa chake pembeni. Ukifanya hivyo umempa kitu cha kuegemea, na kuegemea ndiko anakokutaka. Kazi ni kumfundisha kurudi nyuma hatua moja kwa kamba iliyo karibu kulegea, kabla hujamfundisha jambo jingine lolote. Simama ubavuni mwa shingo yake, usawa wa taya. Usisimame mbele ya paji la uso, kwani hapo kuna sehemu asiyoiona. Shika kamba karibu na kidevu, uitikise kidogo kuelekea kifua chake, kisha endelea hivyo hivyo bila kuongeza nguvu. Atakaza shingo. Ngoja. Atatazama kando kama hahusiki. Ngoja. Usipige, usiseme neno. Kisha utaona kitu kidogo sana: uzito wake unahama kutoka miguu ya mbele kwenda ya nyuma. Mguu haujanyanyuka bado, ni kifua tu kimelegea upana wa kidole. Hapo hapo acha kila kitu. Kamba ilegee kabisa, mkono ushuke, wewe mwenyewe utoe pumzi. Mwache afikiri. Ukiona anatafuna-tafuna au anashusha kichwa, ujue wasiwasi umempungua.

Watu wengi wanangoja hatua kamili ndipo waachie. Wamechelewa. Punda alikwisha kujibu, wao hawakusikia, na yeye akahitimisha kwamba kujibu hakuna faida. Anachojifunza kinatokana na kile kitambo cha kuachiliwa, na ukikosea kitambo hicho utakuwa unamfundisha kukaza shingo. Tufani asubuhi ile alikaza mpaka jua likatufikia kichochoroni. Mke wangu alipita na kapu la sokoni, akarudi nalo limejaa, akatukuta palepale. Akaniuliza kama tumekuwa sanamu. Muda si mrefu baada ya hapo kifua kikalegea, nikaachia, Tufani akageuza sikio moja kwangu kwa mara ya kwanza tangu nimnunue. Kabla ya adhuhuri alikuwa anarudi hatua nzima kwa mtikiso wa vidole viwili. Nilifurahi mpaka nikamsimulia kila niliyekutana naye njiani kwenda msikitini.

Ya nne ilikuwa iwe namna ya kusogeza bega: unaelekeza ncha ya kidole kwenye bega, unaachia akilihamisha, na hivyo hivyo kwenye kila kona na mbele ya kila baraza. Ya tano ni chakula, kiwe kwenye ndoo daima, kisitoke mkononi. Lakini hayo yote yalikuja mepesi baada ya lile la kurudi nyuma, na ushahidi wangu ni yule ami wa Langoni.

Alisikia habari akaja nyumbani na kigongo chake. Nikampa kamba. Akainua kigongo, na Tufani, kwa jinsi anavyokumbuka, akamwegemea kwa bega zima. Ami akarudi ukutani. Nikamwambia kwa adabu, "Ami, weka kigongo kando kidogo, kisha tikisa kamba kwa vidole, ungoje." Alinitazama kwa muda. Lakini ni mtu wa punda, na macho ya mtu wa punda hayakosi kuona. Akatikisa, akangoja, akaona uzito unahama, akaachia mwenyewe kabla sijamwambia, safi kuliko nilivyoachia mimi mara yangu ya kwanza. Tufani akarudi hatua mbili na kushusha kichwa. Ami akasema, "Ala!" tu, akachukua kigongo chake akaenda. Kigongo hajakiacha. Ila sasa akiwa na punda mchanga hunitumia mjukuu wake kuniazima Tufani atangulie mbele, na mara mbili tatu nimemkuta nyuma ya nyumba yake akitikisa kamba bila kigongo mkononi. Tukikutana barazani bado anasema punda ni fimbo, nami bado nambishia.

Kama unakwenda bara kununua, usipime kifua na kwato peke yake. Mwambie muuzaji amfungue mnyama, akupe kamba, akuache nawe umtembeze mpaka kwenye ukuta au ua na kurudi. Simama ubavuni, uone bega linakuja kwako au linakaa mahali pake. Likija, teta bei, maana umeshajua kazi iliyoko mbele yako. Na muuzaji akikataa kumfungua, panda boti urudi.