Kifaa Kiufuate Mkono: Mwongozo wa Kubuni Kibodi, Vipanya na Viegemeo

Mwongozo huu unawahusu fundi anayetengeneza samani za ofisi, mbunifu wa kibodi na vipanya, na mwajiri mwenye dhamana ya kuvinunua. Walengwa wa kazi yao ni karani, mhasibu, mchapaji wa steshenari na kila mtu ambaye riziki yake inapita kwenye vidole. Kanuni kuu ni moja: kifaa kiufuate mkono ulionyooka, wala mkono usilazimishwe kukifuata kifaa.

1. Jua kinachoumia

Ndani ya kifundo cha mkono mna njia nyembamba iliyozingirwa na mifupa, na juu yake umepita utando mgumu. Humo hupita kano tisa zinazokunja vidole, pamoja na neva ya kati, inayotia hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kwa mtu mwenye afya, kifundo kikiwa kimenyooka, mgandamizo ndani ya njia hiyo kwa kawaida hauzidi milimita 10 za zebaki. Kikipindwa sana kuelekea nyuma, mgandamizo unaweza kufika 30 na kupita. Ukidumu katika kiwango hicho, damu inayoilisha neva huanza kuzuilika, na ndipo ganzi na mchomo hujitokeza.

Mbunifu anapambana na mikao mitatu: kifundo kupinda nyuma, kiganja kukengeuka kuelekea kidole cha mwisho, na kiganja kulazwa kifudifudi kwa muda mrefu. Kila uamuzi wa umbo upimwe kwa swali hili: je, unapunguza mkao upi kati ya hiyo?

2. Pima watu kwanza

Usianze na mchoro. Anza na mkanda wa kupimia. Pima urefu wa kiganja kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati, upana wa kiganja penye maungio ya vidole, na kimo cha kiwiko kutoka sakafuni mtu akiwa ameketi. Pima wanawake na wanaume, wafupi na warefu. Majedwali mengi ya vipimo vya mwili yanatokana na watu wa Ulaya na Marekani, kwa hiyo usiyatumie kabla ya kuyalinganisha na watu wako.

Kitu kinachopaswa kufikiwa, kama kitufe cha mbali, kipimwe kwa mkono mdogo. Kitu kinachopaswa kupokea mkono, kama mgongo wa kipanya, kisimbane mwenye kiganja kipana. Panapokuwa na tofauti kubwa, tengeneza saizi mbili au sehemu inayorekebishika. Kifaa cha wastani mara nyingi hakimtoshi yeyote vizuri.

3. Kibodi

Kwanza, iwe bapa. Mwongozo wa kimataifa unaelekeza kuwa safu ya katikati ya herufi isizidi kimo cha milimita 30 juu ya meza. Vile vimiguu vya nyuma vinavyoinua kibodi humfanya mchapaji apinde kifundo nyuma, kwa hiyo usiviweke. Kama kibodi tayari inavyo, vikunjwe.

Pili, igawe. Mabega ni mapana kuliko sehemu ya herufi ya kibodi, hivyo mikono huja kwa mshazari na viganja hulazimika kukengeuka ili vidole vilingane na safu. Kibodi yenye nusu mbili zinazofunguka kwa mshazari huondoa sehemu kubwa ya mkengeuko huo. Nusu hizo zikiinuka kidogo upande wa gumba, kiganja nacho hakilazwi kifudifudi kabisa.

Tatu, angalia vitufe. Umbali wa milimita 19 kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya kingine umezoeleka na unafaa watu wazima wengi. Kitufe kigumu huchosha kano, na kilicho laini kupita kiasi hubonyea bila kukusudiwa. Nguvu ya kati ya nyutoni 0.5 na 0.8 ni ya kulenga.

Nne, sehemu ya tarakimu upande wa kulia hukisogeza kipanya mbali na mwili. Kwa asiyeingiza hesabu, iondoe. Kwa mhasibu, itenganishe ili aiweke upande autakao.

4. Kipanya

Kipanya kidogo cha kompyuta mpakato hushikwa kwa ncha za vidole, na vidole hubaki vimekaza siku nzima. Tengeneza mgongo unaojaza kiganja. Uinamishe upande ili mkono ukae karibu na mkao wa kusalimiana. Usiusimamishe wima kabisa iwapo gumba litalazimika kubana kifaa kisiponyoke. Vitufe vibonyezeke kwa kidole kilicholala juu yake, na watumiao mkono wa kushoto watengenezewe chao.

5. Kiegemeo na meza

Kiegemeo ni cha kiganja. Kikiwekwa chini ya kifundo chenyewe, kinaibana ile njia ya neva. Kimo chake kilingane na ukingo wa mbele wa kibodi, upana uwe angalau sentimita 4, na kingo zote ziwe za mviringo. Tumia sponji ngumu isiyodidimia, na kitambaa kinachotolewa na kufuliwa, hasa kwenye joto la pwani. Mweleze mtumiaji kwamba hapo ni pa kupumzikia kati ya sentensi na sentensi. Anapochapa, mikono ielee.

Meza nyingi ni za juu mno kwa kuchapia. Fundi anaweza kufunga trei ya kuvuta chini ya meza, kwa kimo cha kiwiko au chini yake kidogo. Pasipo trei, inua kiti na uweke kisanduku cha mbao cha kukanyagia. Ukingo wa plaiwudi upigwe randa na msasa mpaka uwe mviringo.

6. Jaribu kazini

Mpe mtu kifaa akitumie mezani kwake, kwenye kazi yake halisi. Mpige picha kutoka ubavuni na kutoka juu, kisha pima mpindo wa kifundo kwa kipimapembe cha shule. Muulize baada ya saa moja, mwisho wa siku na mwisho wa wiki. Badilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Akipata ganzi, simamisha jaribio.

7. Mipaka na wajibu

Usimuuzie mtu kifaa kwa ahadi ya tiba. Ugonjwa wa neva ya kati huchangiwa pia na kisukari, ujauzito na matatizo ya tezi ya shingo. Anayeamshwa usiku na ganzi, au anayeangusha vitu kwa udhaifu wa gumba, aende hospitali mapema.

Hakuna umbo linaloweza kufidia saa nyingi zisizo na mapumziko. Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alinganishe vifaa na kazi na uwezo wa mfanyakazi. Tanzania nayo inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Kwa hiyo mwajiri anunue vifaa vinavyofaa, aruhusu mapumziko mafupi ya mara kwa mara, na asimwadhibu anayesema mkono unauma. Malalamiko ya mapema yanamwezesha fundi kurekebisha kifaa kabla mfanyakazi hajaumia.