UKURASA WA AFYA: Sukari Iliyoshuka Njiani



Katika somo la mwezi huu tutazungumzia mazoezi ya mwili kwa mgonjwa wa kisukari, na hatari moja ambayo familia nyingi hazijaifahamu. Mfano wetu tunautoa mbali, huko Ufaransa, katika sehemu iitwayo Bourgogne. Mwezi Juni 2018 tulisafiri huko kwa baiskeli siku tatu, wauguzi wawili wa hospitali ya misheni pamoja na sista mmoja mwenyeji wetu, tukienda kuhiji Paray-le-Monial. Ni mahali ambapo Bwana Yesu alimtokea Mtakatifu Margareta Maria Alacoque na kumwonyesha Moyo wake Mtakatifu, kati ya mwaka 1673 na 1675.

Pengine msomaji atauliza: watu waliovuka miaka hamsini wanatafuta nini juu ya baiskeli katika nchi yenye magari mengi namna ile? Jibu ni kwamba karibu njia yote tuliyopita haina magari. Wafaransa wamezichukua reli zilizokufa, wakang'oa vyuma, wakatandaza lami laini. Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 kati ya Givry na Cluny, kilometa 44, nayo inapita karibu na Taizé ambako vijana wengi huenda kusali. Tangu mwaka 2004 sheria yao ya barabarani inazitambua njia hizi kuwa ni za waendao kwa miguu, kwa baiskeli na kwa viti vya walemavu. Pikipiki na magari ni marufuku. Kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, njia ya reli hupanda polepole sana, na mwenye shinikizo la damu huweza kuipita bila kutweta.

Sisi tulianzia mji wa Beaune. Muuguzi akifika pale hawezi kupita bila kuingia katika hospitali ya kale iliyoanzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin pamoja na mkewe Guigone de Salins kwa ajili ya maskini. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari 1452, na wagonjwa waliendelea kulazwa humo hadi mwaka 1971. Vitanda vimepangwa safu mbili kwenye ukumbi mrefu, na mwisho wa ukumbi kuna kanisa dogo, ili mgonjwa afuate Misa akiwa kitandani. Wafadhili waliirithisha hospitali mashamba ya mizabibu, na tangu mwaka 1859 divai yake huuzwa kwa mnada kila mwaka kusaidia kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Tulikaa humo muda mrefu kuliko tulivyopanga, tukachelewa kuondoka. Kuchelewa huko kuna maana katika habari tutakayosimulia.

Kutoka Beaune hadi Santenay ni kama kilometa 20, katikati ya mizabibu mitupu: Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet. Wasomaji wa Dodoma wanaijua mizabibu, lakini ile ya kule hukatwa mifupi, haifiki kifuani, na mistari yake imenyooka kama ya daftari. Mwezi Juni ndio wakati wa kupiga dawa. Matrekta hupita, na majani mengine yana rangi ya bluu ya mrututu, ile ile wanayoijua wakulima wetu wa kahawa. Basi tulinawa mikono kabla ya kula, na hatukugusa majani.

Mwenzetu ana kisukari tangu mwaka 2009. Asubuhi alimeza kidonge chake cha glibenklamidi kama kawaida, akanywa chai na kipande cha mkate. Pale Meursault mwenye pishi la divai alitukaribisha kuonja, naye kwa heshima akamaliza bilauri yake. Tulipofika Santenay, saa nane mchana, chakula cha mchana kilikuwa kimekwisha. Alisema hana njaa. Tukala jibini kidogo, tukaendelea.

Baada ya Santenay tuliufuata mfereji uitwao Canal du Centre, uliofunguliwa miaka ya 1790. Una urefu wa kilometa zipatazo 112, na malango zaidi ya 60 ya kupandishia na kushushia mashua kama ngazi. Kando yake ndipo zamani farasi na watu walipita wakivuta mashua kwa kamba. Njia ni tambarare kama maji yenyewe. Wengi hudhani tambarare ni raha tupu. Lakini mtu akishuka mlima hupumzisha miguu, kumbe kwenye tambarare hazungushi mara moja akaacha. Anapiga pedali saa nzima mfululizo. Tena kivuli na upepo wa majini humfanya asisikie jasho wala kiu. Mwili unatumia akiba yake na mwenyewe hana habari.

Tulikuwa bado hatujafika Saint-Léger-sur-Dheune mwenzetu alipoanza kuyumba. Mara ya kwanza tulicheka. Mara ya pili gurudumu lilikaribia ukingo wa maji. Tukamwambia, "Dada, shuka kwanza." Akatujibu kwa ukali, jambo ambalo si tabia yake, kisha akaanza kusema maneno yasiyo na mpango. Na hapa tunakiri mbele yenu: sisi, tuliofundisha somo hili wodini miaka mingi, tulidhani ni ile divai ya Meursault. Tulipoteza dakika kadhaa tukimwambia akae atulie. Ni sista aliyemshika mkono akasema, "Mbona ameloa jasho, na mkono ni wa baridi?"

Hapo akili zikaturudia. Familia moja ilikuwa inakuja nyuma yetu, baba, mama na watoto wawili wadogo wenye kofia ngumu (sheria ya kule inamlazimu mtoto chini ya miaka 12 kuivaa). Mama yule alitoa chupa ya maji ya machungwa. Mwenzetu aliweza kumeza, akanywa kama nusu bilauri. Kisha ndipo tukampima kwa mashine yake ndogo: 2.8, wakati chini ya 4 tayari ni sukari iliyoshuka. Baada ya dakika kumi na tano tukampima tena, tukampa nusu bilauri nyingine. Polepole akaanza kuuliza tuko wapi.

Sasa tuone ilivyotokea. Misuli inapofanya kazi huvuta sukari kutoka katika damu; ndiyo sababu mazoezi ni dawa nzuri ya kisukari. Glibenklamidi nayo huliamuru kongosho litoe insulini, hata kama mtu hajala. Mambo hayo mawili yakikutana na tumbo tupu, sukari hushuka. Kwa kawaida ini, ambalo ni ghala ya sukari, lingefungua mlango na kusaidia. Lakini ini likiwa linashughulika na pombe, msaada huo hupungua. Bilauri moja ilitosha. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Kwa mwenye kisukari anayetumia vidonge vya namna hii au insulini, pombe bila chakula ni hatari ya siku hiyo hiyo.

Dalili zake ni jasho la baridi, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira, kuyumba na kupotewa na maneno. Msomaji ataona mara moja kwamba karibu zote hufanana na ulevi. Hospitalini tumewahi kumpokea mzee aliyekuwa ameachwa kwenye baraza ya kilabu cha pombe toka jioni hadi alfajiri, kwa kuwa kila aliyepita alidhani amelewa. Hakupona. Kwa hiyo mtu mwenye kisukari akionekana kama mlevi, apewe sukari kwanza, maswali baadaye: vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, au nusu bilauri ya soda ya kawaida. Kama sukari ilikuwa juu, kiasi hicho hakitamwua. Lakini kama amepoteza fahamu, asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe kiubavu na kukimbizwa hospitali akachomwe glukosi.

Baada ya kuzinduka ni lazima ale chakula kamili, wala asiachwe peke yake, maana glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu na sukari yaweza kushuka tena hata usiku. Sisi tulilala Saint-Léger, tukampima mara tatu kabla ya asubuhi.

Je, aache baiskeli? Hapana. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na baiskeli hubeba uzito wa mwili, magoti yakapona. Kiti kiinuliwe hadi mguu ukaribie kunyooka pedali inapokuwa chini. Mwenye kisukari ale kabla ya kuondoka, ale tena kidogo kila baada ya saa moja hivi, na awe na sukari mfukoni, si kwenye mzigo wa mwenzake. Wanaofuatana naye waambiwe ugonjwa wake. Miguu aikague jioni, kwa kuwa lengelenge dogo kwake ni kidonda kesho. Vidonge asivipunguze mwenyewe; amwone daktari kabla ya kuanza safari ndefu.

Siku ya tatu tulifika Paray-le-Monial saa tisa alasiri. Mwenzetu alitangulia mbele, mfuko wa shati umejaa vipande vya sukari, akisimama kila mara kutungoja.