SOMO LA UFUNDI: BOLIJOINTI ILIYOGOMA KUTOKA

Gari la chama cha msingi ni mali ya wanachama wote, na aghalabu ni hilo moja tu. Linapolala gereji katika msimu wa kununua mazao, magunia hukaa ghalani na mkulima hukaa akingojea malipo yake. Somo hili linahusu kazi moja ya gereji ambayo, ikifanywa kwa pupa, huharibu vipuri visivyokuwa na kosa lolote: kutenganisha bolijointi ya mbele iliyoshikana. Halikusudii kumgeuza katibu kuwa fundi. Linakusudia kumwezesha katibu, dereva na mjumbe wa kamati kusimama kando ya kazi hiyo na kujua kama gari linatengenezwa au linavunjwa.

Bolijointi ni kiungo kinachofanana na nyonga ya mtu. Ndani yake mna tufe la chuma lililokaa katika kikombe, na kutoka katika tufe hilo hutokeza shina fupi. Kikombe hufungwa, katika magari mengi, kwenye mkono wa chini au wa juu wa gari. Shina huingia katika jicho la kile kipande cha chuma kinachobeba gurudumu. Hivyo gurudumu huweza kupanda na kushuka barabarani, na papo hapo kukata kona. Land Rover za zamani zenye ekseli ya kipande kimoja hazina mikono ya namna hiyo, lakini ncha za tairodi zake zimefungwa kwa njia ile ile, na mengi yanayosemwa hapa yanazihusu pia.

Dereva mwangalifu huanza kushuku anaposikia mgongano upande wa mbele gari likipita kwenye mashimo, au anapoona stelingi inatangatanga na tairi linalika upande mmoja. Ishara hizo zisisubiri mwisho wa msimu. Bolijointi inayobeba uzito ikilika kupita kiasi, tufe huchomoka katika kikombe; gurudumu hulala, na gari huanguka upande huo bila stelingi kufaa kitu. Aliyeketi juu ya magunia nyuma ya pikapu ndiye wa kwanza kurushwa.

Basi kwa nini shina ligome kutoka hata baada ya nati kufunguliwa? Jambo hili yafaa lieleweke vema, kwani makosa yote ya kazi hii huzaliwa hapa. Shina si mviringo ulionyooka kama bolti. Lina umbo la koni: katika magari mengi kipenyo chake hupungua milimita 1 kwa kila urefu wa milimita 8 hadi 10. Jicho nalo limechongwa kwa umbo hilo hilo. Nati inapokazwa huivuta koni ndani ya jicho, na vyuma viwili hushikana kwa msuguano, kama kipini cha jembe kinavyozidi kushikana na jembe kila kinapogongwa. Kinachoshika kiungo ni koni. Kazi ya nati ni kuivuta na kuilinda isirudi nyuma. Ukiongeza miaka kadhaa ya matope na kutu, utaona kwamba kufungua nati ni mwanzo wa kazi tu.

Fundi asiyejua hayo huiondoa nati, kisha hupiga ncha ya shina kwa nyundo. Ncha hutanuka kama uyoga, uzi wa nati huharibika, na koni hubaki ilipokuwa. Baada ya hapo bolijointi iliyokuwa nzima, iliyotakiwa kufunguliwa tu ili kitu kingine kirekebishwe, inakuwa ya kununuliwa upya.

Kabla ya chombo chochote kuguswa, pana suala la springi. Katika gari lenye mikono miwili, springi hukandamizwa kati ya fremu na mmoja wa mikono hiyo. Na gari lenye pau za kusokota mahali pa springi lina nguvu ile ile iliyofichika. Kinachouzuia mkono usifyatuke ni bolijointi hiyo hiyo inayotaka kutenganishwa. Kwa hiyo gari liwekwe mahali pa tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, fremu iegemezwe juu ya stendi imara, kisha jeki ya pili iwekwe chini ya mkono unaobeba springi na ibaki hapo mpaka kazi iishe. Tofali halifai kuwa stendi, kwani hupasuka bila kutoa onyo. Mtu yeyote asiingize kichwa wala mguu katika njia ya mkono huo. Mwenyekiti akikuta kazi inafanyika bila jeki ya pili, ana haki ya kuisimamisha, hata kama mazao yanangoja.

Sasa kazi yenyewe. Jicho na shina visuguliwe kwa brashi ya waya na kutiwa mafuta ya kulegeza kutu, ikiwezekana tangu jioni iliyotangulia. Kotapini itolewe. Nati ilegezwe mizunguko michache lakini isitolewe: italinda uzi, na koni itakapoachia kwa kishindo nati itaizuia isiruke. Kisha ifungwe pula ya bolijointi, ambayo ina taya la kushika jicho na bolti ya kusukuma shina. Bolti hiyo ikazwe polepole, huku ikitazamwa kama imekaa sawasawa katikati. Ikianza kupinda, ilegezwe na kupangwa upya.

Mara nyingi pula ikishakaza sana bado hakuna kinachotokea. Hapa ndipo nyundo inapofaa, ila si juu ya shina. Fundi hushikiza nyundo nzito upande mmoja wa jicho, na kwa nyundo nyingine ya kilo 1 au zaidi hulipiga jicho upande wa pili, pigo moja kavu. Kwa kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua, jicho hubadili umbo, msuguano hukatika, na koni huruka kwa mlio ambao fundi hausahau. Ikigoma, irudiwe, mafuta yaongezwe, pula ikazwe kidogo tena. Macho yakingwe kwa miwani. Njia ya nyundo isitumiwe kwa kipande cha aluminiamu, kwani hupasuka au kupinda. Hicho ni cha pula peke yake.

Upo pia uma wa chuma, unaopigiliwa kati ya jicho na bolijointi kama kabari. Hufanya kazi upesi, lakini huichana kofia ya mpira. Katika barabara zetu za vumbi, kofia iliyochanika ni hukumu: vumbi huchanganyika na grisi na kulisaga tufe kama msasa. Uma ni wa bolijointi inayokwenda kutupwa. Moto wa gesi nao huunguza kofia, huchemsha grisi iliyofungiwa ndani, na huweza kudhoofisha chuma kilichopewa ugumu wake kiwandani. Tena bomba la breki liko karibu. Chama kiukatae.

Wakati wa kurudisha, koni na jicho vifutwe vikauke, wala visipakwe grisi. Jicho likaguliwe: likiwa limetanuka au kuwa na umbo la yai, koni mpya haitashika, na kipande chote kibadilishwe. Shina likizunguka pamoja na nati, jeki ikandamize kiungo mpaka koni ishike. Nati ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha gari, na tundu la kotapini lisipolingana, nati iongezwe kidogo, kamwe isirudishwe nyuma. Kotapini na nati zenye nailoni ziwe mpya. Mwisho, mwelekeo wa magurudumu upimwe.

Kwa upande wa hesabu, katibu aandike katika daftari la gari tarehe, kilomita, upande uliofanyiwa kazi na kipuri kilichonunuliwa, na vipuri vya zamani vikabidhiwe chama, visibaki gereji. Vyama vya jirani vyaweza kuchangia pula moja na kuiandika katika orodha ya mali, ikiazimwa kwa sahihi.

Maswali kwa kikundi cha masomo: Kwa nini nati hulegezwa tu, isiondolewe? Dereva anasema mgongano ulianza wiki mbili zilizopita lakini hakuuandika. Kamati imwulize nini, na daftari lipangwe vipi ili jambo hilo lisirudie? Bei ya pula na bei ya kipande kinachobeba gurudumu ziulizwe dukani, zilinganishwe, na majibu yasomwe katika mkutano ujao wa kamati.