Dondoo muhimu: Beetle ikigoma kupiga stata

Volkswagen Beetle ya volti 12 inayowaka asubuhi lakini ikishapata moto inalia "ka!" moja na kunyamaza, usikimbilie kuinunulia stata. Weka nyutro, vuta hendibreki, kisha anza na betri iliyo chini ya kiti cha nyuma: sugua vichwa vyake ving'ae. Ingia uvunguni utazame mkanda wa athi kati ya giaboksi na bodi. Mwenzako akipiga stata, pima kati ya kichwa hasi cha betri na giaboksi. Ikizidi volti 0.5, athi ni mbovu.

Mchawi mkubwa, hata hivyo, ni ule waya mwembamba unaotoka swichi ya ufunguo mbele hadi terminali 50 ya solenoidi kule nyuma. Pima hapo ufunguo ukiwa umezungushwa. Volti zikiwa pungufu ya zile za betri kwa zaidi ya 1, funga rilei karibu na stata, ichukue umeme terminali 30 kupitia fyuzi. Terminali 30 ina moto muda wote, kwa hiyo chomoa kwanza waya hasi wa betri. Kugonga stata kwa nyundo? Kunakufikisha nyumbani, basi.