Raifoli Fupi au ya Urefu wa Kawaida? Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Bunduki ya kuwindia ni bidhaa isiyobadilishwa kwa urahisi ikishanunuliwa. Leseni ya umiliki hutaja aina na namba ya silaha yenyewe. Kwa hiyo aliyekosea kuchagua hawezi kuirudisha dukani kesho yake kama arudishaye viatu vilivyombana. Ni heri kosa ligunduliwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Tunazungumzia hapa raifoli za komeo, yaani zile ambazo mpigaji hulivuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda la risasi iliyokwisha kupigwa na kuingiza nyingine. Watengenezaji wengi huuza modeli moja kwa maumbo mawili: la kawaida, lenye mtutu wa inchi 22 au 24, na fupi, lenye mtutu wa inchi 16 hadi 20. Hata hivyo, neno "fupi" huficha mambo mawili. Mtutu waweza kuwa mfupi, na kitako nacho chaweza kuwa kifupi. Zipo bunduki zilizopunguzwa pande zote mbili, na zipo zilizopunguzwa upande mmoja tu. Swali la kwanza kwa muuzaji na liwe hili: kilichofupishwa ni nini?

Wanunuzi wengi hutazama mtutu. Sisi tunashauri waanze na kitako. Katika bunduki ya kawaida, kutoka triga hadi mwisho wa kitako ni takriban sentimita 34. Katika fupi ni karibu 32. Tofauti hiyo ni ndogo machoni, lakini mwili huihisi. Kitako kikiwa kirefu mno, mpigaji hulazimika kunyoosha shingo, na bunduki hukaa juu ya mkono badala ya kukaa begani. Risasi huenda kando, na mnyama huondoka na jeraha. Kikiwa kifupi mno, jicho husogea karibu na darubini, na bunduki inaporudi nyuma ukingo wa darubini huweza kumpasua mpigaji juu ya nyusi. Darubini nyingi za raifoli huhitaji jicho likae sentimita 8 hadi 10 nyuma yake.

Kipimo hufanyika dukani. Muuzaji athibitishe kwanza kuwa bunduki haina risasi, komeo likiwa wazi na mtutu ukielekezwa pasipo na mtu. Kisha mnunuzi afumbe macho, aipandishe bunduki begani kama alivyozoea, na ayafumbue. Akiiona duara yote ya darubini bila kusogeza kichwa, na pua ikiwa mbali na kidole gumba kwa upana wa vidole viwili au vitatu, kitako kinamfaa. Wapo wauzaji wasemao kwamba fupi ni "ya wanawake na vijana". Hiyo si hoja. Mwanamke mrefu huhitaji kitako kirefu, na mwanamume mfupi aliyenunua kirefu kwa ajili ya heshima atakuja kujutia bega lake.

Kuhusu mtutu, hofu ni kubwa kuliko hasara yenyewe. Kwa risasi ya .308, kila inchi inayopunguzwa huondoa takriban mita 6 hadi 9 kwa sekunde katika mwendo unaozidi mita 800. Kwa anayewinda swala katika miombo au vichaka, ambako mnyama huonekana kwa umbali wa mita mia moja au pungufu, hasara hiyo haina maana, na mtutu usionaswa na matawi ni faida. Anayepiga mbali katika mbuga wazi, au anayetumia risasi zenye baruti nyingi, abaki na urefu wa kawaida.

Mlio nao huongezeka mtutu unapofupishwa, kwa kuwa mdomo wake husogea karibu na masikio. Mlio wa raifoli huzidi desibeli 150, na hata mpigo mmoja huweza kudhuru usikivu. Bei ya vizibo vya masikio ihesabiwe pamoja na bei ya bunduki.

Wepesi pia una gharama. Kwa risasi ileile, bunduki ya kilo 3 humpiga mpigaji kwa nguvu iliyozidi kwa sehemu moja ya sita ile ya kilo 3.5. Kwa risasi ndogo jambo hili huvumilika. Kwa .375, ambayo wawindaji wengi huihesabu kuwa kipimo cha chini kabisa cha nyati, uzito ni msaada: anayeogopa teke la bunduki yake hufumba macho anapofyatua, na nyati aliyejeruhiwa huweza kumgeukia anayemfuatilia.

Anayenunua iliyotumika akague kama kitako kilikatwa kwa msumeno, na kama mpira wa mwisho wake ulirudishwa. Kitako kilichokatwa vizuri si kasoro. Mtutu uliokatwa ni jambo jingine: ukikatwa vibaya mdomoni, risasi haziendi tena mahali pamoja, na silaha hailingani tena na maelezo yaliyosajiliwa. Bunduki ya namna hiyo isinunuliwe kabla ya kuulizia polisi wanaoshughulikia leseni.

Stakabadhi itaje namba ya silaha, kipimo cha risasi, urefu wa mtutu na muda wa dhamana. Muuzaji akikataa kuandika urefu wa mtutu, mnunuzi aupime mwenyewe palepale kwa futikamba, kuanzia uso wa komeo lililofungwa hadi mdomoni.