Mbegu ya Soya: Ukubwa Pekee Hautoshi

Msimu wa kupanda unapokaribia, wakulima wengi wa soya Magharibi mwa Kenya huchagua mbegu kwa macho: punje kubwa huwekwa za kupanda, ndogo zikapelekwa jikoni. Je, ukubwa ni ishara tosha ya mbegu bora?

Ukubwa una faida. Punje hubeba akiba ya chakula ambayo mche hutegemea kabla ya majani yake kuanza kazi. Punje kubwa ina akiba zaidi, hivyo mche wake mara nyingi huanza kwa nguvu. Punje ndogo zilizokunjamana kwa kawaida hazikukomaa vyema, zitengwe.

Hata hivyo, punje kubwa ina udhaifu wake. Huhitaji maji mengi zaidi ili iote, na kwa kuwa soya ikiota huinua punje yenyewe hadi juu, udongo ulioganda baada ya mvua kubwa huikwaza. Isitoshe, ganda la soya ni jembamba. Punje kubwa iliyokauka kupita kiasi ikipigwa fimbo wakati wa kupura, huweza kuumia ndani bila kuonekana kwa nje.

Jambo jingine ni uhifadhi. Soya hupoteza uwezo wa kuota upesi kuliko mahindi, hasa ghala likiwa na joto na unyevunyevu. Punje nono iliyohifadhiwa vibaya hushindwa na ya wastani iliyotunzwa vizuri.

Kabla ya kupanda, pima mbegu zako hivi:

1. Chukua punje 100 bila kuchagua.
2. Zipande kwenye mchanga wenye unyevu, kina cha sentimita 3.
3. Baada ya siku 8, hesabu miche yenye afya pekee.

Ikifika 80 au zaidi, mbegu inafaa. Ikipungua kidogo, ongeza kiasi cha mbegu. Isipofika nusu, tafuta mbegu nyingine.

Kumbuka pia hesabu ya kilo. Punje 100 zikiwa na gramu 12, kilo moja ina takriban punje 8,300. Zikiwa na gramu 18, ni takriban 5,600 tu. Mwenye punje kubwa atahitaji kilo zaidi kwa ekari ileile.

Wanaonunua mbegu wahakikishe pakiti ina lebo ya KEPHIS. Kwa ushauri zaidi, mwone afisa wa kilimo katika wadi yako.