Mashine Ngeni: Pima Kwanza, Kisha Ndipo Uamini Namba za Hendeli

Ukikabidhiwa lethi au mashine ya milingi usiyoijua, usianze kazi ya mteja kwa kufuata namba zilizochorwa kwenye pete ya hendeli. Karakana zetu zina mchanganyiko: Colchester kuukuu kutoka Uingereza, mashine za India, mpya za China. Mistari inafanana, lakini maana yake haifanani.

Kwenye lethi, mtego mkubwa uko kwenye kroslaidi. Kuna mashine ambayo ukizungusha milimita 1 kwenye pete, kisu kinaingia milimita 1 kamili, kwa hiyo kipenyo kinapungua 2. Nyingine, pete ikisema 1, kisu kimeingia nusu tu na kipenyo ndicho kilichopungua 1. Zote ziko sawa, kila moja kwa utaratibu wake. Lakini tuseme shafti ya beringi ya milimita 30 imebakiza nusu milimita, nawe ukadhani pete inasoma kipenyo kumbe inasoma mwendo wa kisu: utapata 29.5, na shafti hiyo ni ya skrepa.

Jibu linapatikana kwa dakika chache. Funga kipande cha chuma kisicho na kazi, kikwangue kidogo kiwe safi, kisha kipime kwa maikromita. Ingiza 0.5 kwenye pete, kata, pima tena. Kipenyo kikipungua 0.5, pete inasoma kipenyo. Kikipungua 1, inasoma mwendo wa kisu. Jibu hilo usilihamishie slaidi ya juu; hiyo kwa kawaida husoma mwendo wake halisi, hata kama kroslaidi inasoma kipenyo.

Swali la pili: inchi au milimita? Mstari wa sehemu moja ya elfu ya inchi ni milimita 0.0254, kwa hiyo "25" ya inchi ni 0.635 na si 0.25. Hapa usipime mzunguko mmoja tu. Skrubu ya inchi inayosogea 0.200 kwa mzunguko inakwenda milimita 5.08, na jirani yake ya milimita inakwenda 5.00. Tofauti ya 0.08 ni rahisi kuipuuza. Zungusha mara tano, huku daili geji au venia ikisoma mwendo: 25.4 dhidi ya 25. Sasa hakuna ubishi. Ukipata namba isiyolingana na yoyote, shuku kwamba fundi aliyekutangulia alibadilisha skrubu akaacha pete ya zamani. Hayo yapo.

Kisha kuna pleyi. Ukigeuza hendeli upande wa pili, pete inatembea kabla meza haijasogea. Kwenye mashine iliyochakaa pengo hilo linaweza kuzidi upana wa mistari mingi. Dawa ni moja: ukipitiliza, rudi nusu mzunguko nyuma ya alama, halafu uijie tena kutoka upande ule ule ulioanzia. Kurudi mistari miwili tu ni kujidanganya.

Kwenye milingi suala la kipenyo halipo, kwani pete za meza husoma mwendo. Ila angalia hendeli ya kupandisha meza: kwenye Bridgeport za inchi mzunguko mmoja wa meza ni 0.200, ilhali wa kupandisha ni 0.100. Namba hizo usizichanganye. Kimo kiweke kwa kupandisha siku zote, kisha kaza lokisi kabla ya kukata. Na unapoiweka pete kwenye sifuri, ishike kwa kidole wakati unakaza skrubu yake ndogo, maana hupenda kuteleza wakati huo huo.

Ukishapata majibu, chukua kalamu ya rangi uandike kando ya kila hendeli: "Mstari 1 = 0.05, kipenyo", au inavyostahili. Weka na kiasi cha pleyi. Kijana wa zamu ya usiku atakushukuru, na bosi hatanunua chuma kingine cha kurudia kazi.